Kukubaliana Kuachana

Chukua mume na mke wa Nyalikungu waliochokana bila kugombana. Hakuna aliyempiga mwenzake, hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyetoroka nyumba. Wamekaa, wamezungumza, wamekubaliana: watoto watasoma wapi, nani atabaki na kiwanja, nani atachukua pikipiki. (Kwa wanaouliza Nyalikungu iko wapi: ni Maswa mjini, mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012.) Wanachotaka sasa ni talaka tu. Ungedhani hakimu hawezi kuletewa kazi nyepesi kuliko hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haioni hivyo, na ili kuelewa kwa nini inabidi tuanze na ng'ombe.

Usukumani ndoa ilifungwa kwa ng'ombe na ikafunguliwa kwa ng'ombe. Ilipovunjika, swali kubwa lilikuwa wangapi wanarudi. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, na hesabu ya mahari imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo: watoto waliozaliwa hupunguza idadi ya ng'ombe wa kurudishwa, na kosa la mmoja huibadilisha. Msomaji wa leo anaweza kucheka. Lakini ng'ombe wale ndio waliokuwa cheti. Wakirudi mbele ya mashahidi, kila mtu anajua mwanamke yule ameachika. Wasiporudi, watoto atakaozaa kwa mwanamume mwingine huhesabiwa kuwa wa yule aliyetoa mahari.

Sitaki kuipamba enzi hiyo. Mke na mume wangeweza kuridhiana kabisa, halafu baba wa mke akasema ng'ombe hawapo, wameshatolewa mahari ya mke wa kaka yake. Ridhaa ya wawili ilikuwa na uzito mdogo kuliko zizi.

Waliotutawala nao hawakuwa na la kutufundisha hapo. Kwa Waingereza wenyewe, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, makubaliano yalikuwa sumu ya talaka. Jaji akigundua kwamba mume na mke wamepatana waachane, aliita jambo hilo kula njama na kuwanyima. Ndiyo maana katika miaka ya 1920 na 1930 waume waungwana walikodi chumba hotelini, Brighton kwa mfano, wakakaa na mwanamke wa kulipwa ili mhudumu aje kutoa ushahidi wa uzinzi ambao mara nyingi haukutendeka. Watu waliopatana kwa amani walilazimishwa kuigiza dhambi.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika haraka. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa na sheria ya Mahakama za Mwanzo ikapitishwa. Mwaka 1969 Serikali ikatoa waraka wa mapendekezo kuhusu sheria moja ya ndoa kwa wote, Waislamu, Wakristo na wanaofuata mila. Wataalamu wetu walifaidika na kazi ya tume ya Jaji Spry ya Kenya, ambayo wabunge wa Kenya wenyewe waliikataa. Sheria yetu ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971, miezi minne tu baada ya Waingereza kuanza kutumia sheria yao mpya ya talaka. Zote mbili ziliacha kutafuta mkosaji kama msingi wa talaka, zikauliza swali moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi cha kutorekebishika?

Ila Waingereza waliweka mlango mdogo: wakitengana miaka 2 na wote wawili wakaridhia, ridhaa hiyo inahesabika. Tangu Aprili 2022 wanaweza hata kuomba talaka pamoja bila kutaja sababu. Sisi tuliweka kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3, tena kama ushahidi mmoja kati ya mingine: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, kifungo kirefu, maradhi ya akili. Na hata ukiuthibitisha, talaka bado si haki yako moja kwa moja.

Wenzi wetu wa Nyalikungu, basi, kama ndoa yao haijatimiza miaka 2, wanahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Kama imetimiza, wanaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo sheria inataka liwepo kila kata. Sheria inataja wanaosamehewa kupita huko: aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko, ambaye mwenzake amekataa kwa makusudi kufika, na wengine wachache. Waliokubaliana hawamo. Wazee wa baraza si wabaya. Wamewekwa pale kusuluhisha, na watu wasiogombana hawasuluhishiki. Baraza likishindwa hutoa hati, na hati hiyo haitakiwi kuzidi miezi 6 siku shauri linapofunguliwa. Kisha mahakamani, tena, nani alimfanya nini nani?

Njia rahisi ni kutokwenda kabisa. Kila mtu ashike njia yake, basi.

Hapo ndipo amani yao inapoacha kuwa sawa kwa wote. Kama ndoa ilikuwa ya kimila au ya Kiislamu, sheria inaichukulia kuwa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, kwa hiyo mwanamume anaweza kuoa tena kihalali kesho. Mwanamke hawezi, ndoa yake ya pili ni batili. Akizaa, sheria ya ushahidi inamdhania mtoto kuwa wa mume wa kwanza, maana ndoa ingali hai. Karatasi imechukua nafasi ya ng'ombe, na mtoto bado ni wa yule ambaye deni lake halijafungwa.

Naelewa hofu ya waliotunga sheria. Makubaliano ya sebuleni yanaweza kuwa amri ya mwenye sauti kubwa. Hadi mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ndipo Mahakama ya Rufani iliposema wazi kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona alishatapanya fedha alizopewa na mumewe). Hakimu akague mgawo wa kiwanja na malezi ya watoto. Sheria inamtaka afanye hivyo, na mimi nisingeliondoa hilo. Ningeondoa kumtafuta mkosaji.

Cha ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo inayatambua mapatano ya kuishi mbalimbali. Wenzi wetu wanaweza leo kuandikiana kuhusu matunzo, mali na watoto, na mapatano hayo yakatekelezeka. Waweke tarehe na saini za mashahidi, kwa sababu ile miaka 3 itahesabiwa tangu siku waliyotengana.