Ng'ombe wa Takaba na Meza ya Bodi

Umaskini wa soko la mifugo huko Takaba, Mandera Magharibi, husimuliwa kama kazi ya ukame na umbali. Mimi nashikilia kwamba kwa sehemu kubwa ulipangwa na waliokalia viti vya uamuzi. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliundwa mwaka 1950 na kurithi kiwanda cha Athi River kilichofunguliwa na kampuni ya Liebig's mwaka 1938. Sauti nzito katika tume hiyo ilikuwa ya walowezi wenye ranchi, na fedha zilifuata sauti. Machinjio yake makuu, Athi River na Mombasa, yalikaa kandokando ya reli. Bei ilitegemea uzito wa nyama baada ya kuchinja, pamoja na daraja lake. Ng'ombe wa ranchi alipanda behewa akiwa amenona. Wa Takaba aliswagwa kwa miguu juma baada ya juma, akazuiliwa karantini Isiolo kwa hofu ya homa ya mapafu, na kila siku ya safari ilimpunguzia mwenyewe malipo. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, lakini ilitungwa na watu ambao ng'ombe wao hawakuwahi kuswagwa.

Atasema mtu kwamba ugonjwa ulikuwa wa kweli. Naam, homa ya mapafu humaliza zizi zima, na daktari wa mifugo aliyefunga njia hakuwa na hila. Hata hivyo, kumzuia mnyama si dawa pekee. Kiwanda cha Athi River chenyewe kilisindika nyama ya makopo, na nyama ya kopo huvuka mpaka wa karantini bila shida. Kujenga kiwanda kidogo karibu na malisho lilikuwa jambo la kuwazika. Halikuwa na mtetezi mezani.

Hoja ngumu zaidi ni hii: walowezi waliondoka, mbona kaskazini haikunufaika? Kwa sababu rangi ya wakurugenzi ilibadilika zaidi kuliko aina ya mali yao. Baadhi ya wakubwa wapya walinunua ranchi zilezile, na Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliifanya kaskazini ionekane suala la usalama tu. Wakati huohuo soko la Garissa lilikua kwa mitaji ya wafanyabiashara wenyewe, hasa baada ya 1991, ng'ombe wa kutoka Somalia walipomiminika kuelekea Nairobi. Wafanyabiashara hao waliijua njia, visima na madalali, wakaweka fedha pale ambapo bodi iliona hatari.

Tangu 2013 wadi za Takaba na Takaba Kusini zina wawakilishi katika Bunge la Kaunti ya Mandera, nao huipigia kura bajeti. Lakini kura hiyo haiifikii KMC, iliyohamishiwa Wizara ya Ulinzi mwaka 2020.