Matunda na Maua katika Sanaa ya Wazee Wetu

Wanafunzi wa hapa Vitongoji, mashariki ya mji wa Chake Chake, hupata kuona katika vitabu picha za Wazungu zenye vikapu vya matunda na vyombo vya maua, nao hutuuliza: Je, wazee wetu hawakuwa na sanaa kama hii? Swali hili si dogo. Anayejibu kwamba hawakuwa nayo huwa amewaambia vijana kuwa wazee wao waliishi katikati ya maua bila ya kuyaona. Jibu hilo si la kweli.

Kwanza yafaa tujue picha hizo zilitoka wapi. Nchini Italia, karibu na mwaka 1600, Caravaggio alichora kikapu cha matunda peke yake, bila ya mtu. Katika karne ya 17 sanaa hiyo ilistawi sana Uholanzi, nchi ambayo wafanyabiashara wake walitajirika kwa safari za bahari. Walipenda kutundika ukutani picha za zabibu, malimau, maua, na bakuli za Kichina zilizoletwa na majahazi yao. Rachel Ruysch, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1664 na kufariki mwaka 1750, alipata sifa kubwa kwa kuchora maua. Picha hizo aghalabu zilikuwa na maana mbili: zilionyesha fahari ya mwenye nyumba, na pia zilimkumbusha kuwa ua hunyauka na tunda huoza, na binadamu vivyo hivyo.

Sasa tutazame kwetu. Vyombo vya Kichina vilikuwa vikifika pwani hii karne nyingi kabla ya Waholanzi hao. Wazee wetu hawakuvichora, bali walivijenga ukutani. Huko Lamu walivipanga katika vidaka vya nyumba. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, walivipachika katika nguzo za makaburi. Nasi twajua kuwa vyombo vya Kichina vya buluu na nyeupe aghalabu hupambwa kwa maua na majani. Basi maana zile mbili, fahari na mauti, zilikutana katika nguzo moja: ua lisilonyauka limewekwa juu ya mtu aliyekwisha kunyauka.

Mafundi wa milango nao walifanya kazi yao. Katika milango ya Mji Mkongwe wa Unguja tunaona mawaridi yaliyochongwa juu ya mfaa, mayungiyungi, na makuti ya mtende. Dini ilikuwa na sehemu yake katika jambo hili. Katika mapokeo ya Ibn Abbas, mchoraji aliyekatazwa kuchora viumbe aliruhusiwa miti na vitu visivyo na roho. Kwa hiyo fundi wa Kiislamu hakuona mimea kuwa kitu cha kujazia nafasi tu. Mimea ndiyo iliyokuwa uwanja wake, na humo ndimo alimoonyesha ustadi wake.

Kisha zikaja kanga, zilizoenea pwani tangu miaka ya 1880. Katika pindo na katika mji wa kanga huchapwa maua, mananasi na korosho. Hiyo korosho ina kisa chake. Umbo lake lilitoka Uajemi na Bara Hindi, na wenyewe hawakukusudia korosho. Wanawake wa pwani waliliona, wakalifananisha na tunda walilolijua, wakalipa jina hilo. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba miongoni mwa viwanda vilivyochapa kanga za kuuzwa huku kilikuwamo cha Van Vlissingen, kilichoanzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Nchi ile iliyotundika maua yake ukutani ilichapa maua yetu ya kuvaliwa.

Hapa Pemba ua kuu ni karafuu, na wengi husahau kuwa karafuu ni ua: ni tumba linalochumwa kabla ya kufunguka. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ikawa mbele katika zao hilo. Leo mkarafuu umo katika Nembo ya Taifa, miguuni pa mwanamme, na mpamba umo miguuni pa mwanamke. Hiyo nayo ni picha ya mimea, na imekaa juu ya kila cheti tunachokipokea.

Tofauti basi ipo, lakini si tofauti ya kuwa na kutokuwa. Wao walilitenga ua ili litazamwe. Sisi tulilitia katika mlango wa kupitia, nguo ya kuvaa na kaburi la kuzuru. Hata kikuba cha asmini na rehani, anachojipamba mwanamke kwa siku moja tu, ni sanaa ya kupanga maua, ijapokuwa asubuhi hutupwa.

Sisi wenyewe tulipokuwa shuleni tulifundishwa kuchora tufaha la Kizungu, tukiiga kitabuni, ilhali nje ya dirisha palikuwa na mikarafuu. Hakuna katika sisi aliyekuwa amelionja tunda lile. Tulijifunza kuchora, lakini pia tulijifunza, bila ya kuambiwa, kuwa vya kwetu havifai kuchorwa. Hilo la pili limetuchukua miaka mingi kulisahau.

Huko Kunduchi vyombo vingi vimekwisha kung'olewa, yamebaki matundu. Kitu kisichotambuliwa kuwa ni sanaa hakipati mlinzi. Kwa hiyo twawaomba walimu wawatoe wanafunzi darasani na kalamu zao, wakachore mlango, kanga ya mama, na tawi la mkarafuu kabla halijachumwa.