Koo Mbili za Waunda Meli na Njia ya Bukama

Treni ikitoka Kamina kwenda Lubumbashi huvuka mto Lualaba pale Bukama. Oktoba 1915, kabla reli kubwa ya kutoka kusini haijafika hapo, mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilitiwa majini Bukama zikateremka mpaka Kabalo, kisha zikapakiwa kwenye gari la moshi hadi Ziwa Tanganyika. Zilikwenda kupigana na Wajerumani. Zilikuwa kazi ya ukoo mmoja wa waunda meli, na meli kubwa iliyokuwa ikizisubiri ziwani ilikuwa kazi ya ukoo mwingine. Sisi wa Base ya Kamina tumezoea ndege na reli, lakini habari hii ni yetu pia, maana sehemu yake ngumu kuliko zote ilipita katika nchi yetu.

Ukoo wa kwanza ni wa Thornycroft. Baba, Thomas, na mama, Mary, walikuwa wachongaji wa sanamu. Mtoto wao John Isaac, aliyezaliwa Roma mwaka 1843, akachagua chuma. Mwaka 1862 alikamilisha boti ya mvuke, Nautilus, naye hajatimiza miaka 20. Baadaye alifungua kiwanda Chiswick, ukingoni mwa mto Thames, akapata sifa kwa vyombo vyepesi vya mwendo wa kasi. HMS Lightning, boti ya kwanza ya torpedo ya jeshi la majini la Uingereza, ilitoka mikononi mwake katika miaka ya 1870. Lakini meli zilizidi kurefuka na kwenda juu, na madaraja ya Thames hayakuinuka. Mwaka 1904 kazi kubwa ikahamia Woolston, katika mji wa bandari wa Southampton.

Katika ukoo huu ninayemstahi zaidi ni binti wa John Isaac, Blanche. Alikuwa akivuta vielelezo vidogo vya meli ndani ya tangi la maji, kwenye kisiwa cha Wight, na kupima ni umbo gani maji yanalipisha na lipi yanalizuia. Mwaka 1919 alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kupokewa na taasisi ya wasanifu wa meli wa Uingereza. Kiwanda kilibeba jina la baba, lakini hesabu nyingi zilikuwa zake.

Ukoo wa pili ni wa Meyer, wa Papenburg, mji wa Ujerumani uliochimbiwa mifereji katika nchi ya kinamasi karibu na mto Ems. Willm Rolf Meyer alianza kuunda vyombo vya mbao huko mwaka 1795. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa na viwanda vya meli zaidi ya 20. Chuma kilipokuja, wengi waling'ang'ania mbao wakafilisika. Joseph Lambert Meyer akaingia katika chuma mwaka 1872, na kiwanda chake ndicho kilichosalia peke yake.

Mwaka 1913 serikali ya Ujerumani iliagiza kwa Meyer meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kusafirishwa Dar es Salaam, halafu kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikwenda nayo. Huko, pamoja na wafanyakazi Waafrika na Wahindi, waliiunganisha upya, ribiti kwa ribiti. Iliingia majini Februari 1915.

Ndipo Mimi na Toutou za Thornycroft zikaletwa, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, kutoka Thames hadi Cape Town, na kwa reli hadi Fungurume. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba. Matrekta mawili ya mvuke na makundi ya maksai yalizikokota hadi Sankisia, penye reli fupi ya kwenda Bukama. Watu wa Katanga walifyeka msitu, wakajenga madaraja zaidi ya 100, wakakata kuni za matrekta. Mahali pasipo na mto, wanawake walibeba maji kichwani kuzijaza boila. Bila vichwa vya mama hawa mashua zile zingebaki mlimani. Kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, anatajwa katika vitabu vya vita ile ya ziwani. Akina mama hawatajwi majina.

Vita yenyewe haikuwa ndefu. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, wakaizamisha Götzen wenyewe. Lakini kwanza Rüter na wenzake walizipaka injini grisi nzito, ili siku moja ziweze kufufuka. Waliamriwa kuiua meli, nao wakaihifadhi. Kwangu hicho ndicho kilele cha ufundi wa Papenburg, kuliko meli zote za anasa ambazo kiwanda kiliunda baadaye.

Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke ule ule uliiendesha hadi miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo nyumbani kutoka Kigoma.

Thornycroft waliungana na Vosper mwaka 1966. Meyer walidumu vizazi saba, hadi Septemba 2024, deni lilipowaelemea, na serikali ya Ujerumani pamoja na jimbo la Niedersachsen zikachukua karibu asilimia 80 ya hisa.

Kazi ya Mitumba haijapata mwandishi wake. Wajukuu wa waliobeba maji na kujenga madaraja wangali katika vijiji vya kati ya Fungurume na Bukama. Walimu wa Kamina na Bukama wawatume wanafunzi wao huko likizo ijayo, na daftari, wakaulize majina.