Mkonge: Makapi ni ya nani?

Mkonge ni zao ambalo wengi wetu wa mjini tunalifahamu kwa kamba tu.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika huku ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, hadi Kilosa na Lindi. Miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, na mwaka 1964 ilivuna tani zipatazo 230,000.

Waliovuna ni manamba, wanaume walioletwa kutoka Kigoma, Songea na Tukuyu, hata nje ya mipaka yetu. Walikata majani, korona ikayaparua. Na hapo ndipo historia hii inaponikera. Katika kilo 100 za majani, singa hazizidi kilo 4 hivi. Zilizobaki, maji na makapi, zilimwagwa mitaroni zikaoze. Mkoa mzima uliishi kwa kilo nne!

Wala si kwamba hakuna aliyejua. Miaka ya 1950 wataalamu wa Uingereza walikwisha kujua kutengeneza dawa kutokana na hekojenini, kitu kinachopatikana katika maji ya mkonge. Kwao dawa, kwetu uvundo.

Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na usimamizi ukalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 20,000. Watu hupenda kulaumu utaifishaji peke yake. Sikubaliani nao. Plastiki haikuuliza shamba ni la nani. Ilimkuta mtu mwenye bidhaa moja, ikamnyang'anya.

Miaka ya 2000, pale Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme. Kwa hiyo jambo linawezekana. Lakini mkulima mdogo anayelima mkonge leo ana shida nyingine: jani likishakatwa halingoji, hunyauka. Hana budi kulipeleka upesi kwa mwenye korona. Singa zitapimwa, atalipwa. Makapi yanabaki kiwandani, na sijasikia yakiwekwa kwenye mzani.