Ignaita, moduli au swichi ya koili?

Shemeji yangu ana Corolla ya miaka ya 1990 anayopakilia abiria na vifurushi kati ya Korogwe na Handeni. Ndani ya miezi mitano alishafunga ignaita tatu. Dalili zilikuwa zilezile: akitoka Manundu asubuhi gari linakwenda vizuri, jua likipanda na injini ikipata moto, linazima ghafla katikati ya safari. Akikaa chini ya mti nusu saa, boneti wazi, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Mkasa wa ile ya pili niliuchangia mimi, ninayejiita mfasiri. Alinitumia picha ya boksi la spea, akaniuliza maandishi ya Kiingereza yanasemaje. Nikamjibu bila kufikiri: moduli ya kuwashia. Naye akampigia simu muuza spea, akaagiza kile kifaa cha kuwashia gari. Gari la jioni likamletea selfu.

Tangu siku hiyo neno hili halijanipa usingizi. Kuwasha tumekubebesha mengi: tunawasha taa, tunawasha redio, upupu unatuwasha, na dereva akizungusha funguo tunasema amewasha gari. Kwa dereva huyo kuwasha ni kazi ya sekunde mbili, selfu inalia, injini inanguruma, yamekwisha. Kifaa tunachokizungumzia ndiyo kwanza kinaanza kazi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,500 kwa dakika hutaka cheche 5,000 katika dakika hiyohiyo. Chukua safari ya saa moja hivi, Korogwe hadi Handeni, kilomita 65 za lami: cheche 300,000. Kukiita cha kuwashia ni sawa na kumwita mpishi mkoka moto.

Kinachochekesha ni kwamba vitu hivi viwili vina baba mmoja. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni mfumo wa cheche wa betri na koili ulioingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1910, na ni yeye tena aliyeleta selfu ya umeme katika Cadillac za 1912. Watoto wa baba mmoja, basi, Kiswahili kikawachanganya majina.

Katika mfumo wa Kettering kulikuwa na vichuma viwili vidogo ndani ya distribyuta, ambavyo mafundi wa Land Rover za zamani walivisugua kwa msasa na kuviita pointi. Vikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili. Vikiachana, umeme unakatika, na kule kukatika ndiko kunakoifanya koili itoe maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi. Pointi zililika upesi. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wakazidi kuziondoa na kuweka transista, ambayo hufunga na kufungua njia ya umeme bila kugusana na chochote. Transista hiyo, pamoja na vijisehemu vinavyoiamuru, ndiyo ignaita.

Sasa tuiiteje? Moduli ni neno safi, ila mwalimu wa Handeni akilisikia anakumbuka kijitabu cha mafunzo kazini. Tena linataja umbo tu, kipande kilichofungwa pamoja. Ignaita limekwisha kukaa gereji na sina ugomvi nalo. Mafundi walilitoa kwenye vitabu vya Toyota, nao ndio wenye kazi. Lakini kwa mwenye gari ni kama jina la mtu: ukilijua hujajua kazi yake. Kwa hiyo mimi, ninapoandika, nimehamia kwenye swichi ya koili. Najua swichi kwa dereva ni pale penye funguo, ndiyo maana siwezi kuliacha neno koili likadondoka.

Na neno hilo la pili ndilo linaloonyesha muuaji. Swichi hufa kwa mzigo inaoukata. Koili ya kawaida ya enzi za pointi ilikuwa na ukinzani wa omu 3 hivi. Kwa volti 12 hupitisha ampea 4. Funga ya omu 1.5 kwa sababu tu imeingia kwenye kishikio, ampea zinaweza kufika 8, na transista inapikika. Kila gari lina kipimo chake kitabuni. Anayebadilisha ignaita bila kupima koili anaandaa maziko ya inayofuata.

Joto la nje nalo husaidia kuua. Katika miaka ya 1980 Ford ya Marekani iliifunga swichi hii kwenye distribyuta, juu ya injini. Wenye magari wakashtaki, wakidai joto linaiua. Mwaka 2000 jaji wa California akaamuru magari yarudishwe, na mwaka 2001 kesi ikaisha kwa suluhu. Katika magari yake ya baadaye ikahamishiwa pembeni, kwenye kipande cha alumini chenye mapezi ya kupoozea.

Fundi wa Korogwe aliyemaliza kesi ya shemeji hakusoma habari za Ford. Aliifungua ile ya tatu, akapitisha kidole mgongoni mwake: pakavu, vumbi tupu. Ile grisi nyeupe ya kupitishia joto haikupakwa, na bati lililokuwa chini lilikuwa na kutu.

"Kaka, hii haijafa yenyewe," alisema. "Imechomwa."

Akachukua mita, akapima koili: iko chini ya kipimo. Waya wa ethi ulikuwa umelegea. Nyaya za plagi zilipasuka, na plagi zenyewe mianya imepanuka, hivyo volti zilikosa njia zikarudi kuisumbua transista. Akamuuliza shemeji ni nani huwa anachomoa waya wa plagi injini ikizunguka, ili asikie kama cheche ipo. Shemeji akatazama chini. Mafundi wengi hufanya hivyo, na wateja hujifunza kwao.

Akasugua kutu, akapaka grisi, akafunga ignaita mpya, akakaza ethi, akabadilisha koili, nyaya na plagi. Alteneta ikasoma volti 14.1, akaiacha. Kisha akaandika risiti. Kwenye mstari wa kwanza, baada ya kunisikiliza nikihubiri istilahi mchana kutwa, aliandika: swichi koili 1. Shemeji akaisoma mara mbili.

"Swichi tena? Mbona funguo inazunguka vizuri?"

Fundi akanitazama mimi, akachukua kalamu, akaongeza pembeni: ignaita.