Tone la Damu Kidoleni: Je, Kupimwa Mara kwa Mara Kunamaliza Damu ya Mtoto?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wa Awasi, Ahero na kote katika tambarare ya Kano huuliza wakiwa kwenye foleni ya zahanati: "Mtoto wangu ana mwaka mmoja tu, na tayari amedungwa kidole mara nne tangu mvua zianze. Damu yake haitaisha?" Nyanya naye huongeza kwa sauti ya chini kwamba ni heri mtoto apewe dawa tu, arudi nyumbani.

Swali hili si la ujinga. Lina historia ndefu, na tukiijua historia hiyo tutatambua la kuogopa na lisilo la kuogopa.

Wakati wa ukoloni, habari za watu wanaochukua damu za wenzao zilienea Afrika Mashariki yote. Pwani waliitwa mumiani. Bara waliitwa wazimamoto, kwa kuwa walihusishwa na kikosi cha kuzima moto na magari yake. Kwetu Nyanza wakaitwa kachinja, kutokana na neno kuchinja. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha katika kitabu mwaka 2000. Hata katika miaka ya 1990, baadhi ya watafiti waliofika vijijini kuchukua damu ya watoto waliitwa kachinja.

Kwa nini habari hizo zilisadikika? Fikiria, mama. Mgeni anakuja na gari, anachukua damu, anaondoka. Hasemi anaipeleka wapi. Jibu halirudi. Mtu akichukuliwa kitu chake bila kuelezwa, atatafuta maelezo mwenyewe. Kosa halikuwa la mama aliyeogopa. Aliyechukua damu ndiye aliyepaswa kueleza.

Hata hivyo, damu iliyopimwa katika eneo letu la ziwa imefundisha dunia nzima. Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aliona kwamba karibu na Ziwa Victoria na kule pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba alama ya selimundu katika damu yao. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Mwaka 1954 alichapisha sababu yake: anayerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu. Bila vipimo vya damu, siri hiyo isingejulikana.

Baadaye, kuanzia mwaka 1992, watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC kutoka Marekani waliwafuatilia watoto wa Asembo, upande wa pili wa Kisumu, tangu kuzaliwa. Watoto hao walipimwa damu mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi. Ilionekana wazi kwamba vijidudu vya malaria vikizidi katika damu ya mtoto, wekundu wa damu yake hushuka. Kijidudu cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, hula humo, huzaana, kisha huipasua. Huyo ndiye mnyonya damu wa kweli, na halipi taarifa anapoingia.

Mwaka huohuo wa 1992 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya wilaya ya Siaya. Watoto wengi walifikishwa pale wakiwa wameishiwa damu kabisa, wakihema kwa shida. Kuongezewa damu kuliwasaidia wale waliokuwa na hali mbaya zaidi, hasa walipoipata mapema, siku ya kulazwa au siku iliyofuata. Kwa aliyecheleweshwa, msaada ulipungua.

Tafakari jambo hili, mlezi. Mtoto anayefichwa ili asitolewe tone moja anaweza kufika hospitalini akihitaji kuongezewa damu ya mtu mwingine, na pengine akakuta haipo.

Basi tufanye hesabu. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ana takriban mililita 800 za damu, yaani zaidi kidogo ya robo tatu ya lita. Tone la kidoleni ni dogo sana. Hata mtoto huyo akitolewa tone moja kila wiki mwaka mzima, matone hayo 52 hayatajaza kijiko kimoja cha chai. Wakati huohuo mwili wake hautulii. Chembe nyekundu huishi karibu siku 120, kwa hiyo kila siku mwili hutengeneza nyingine kuchukua nafasi ya zilizozeeka. Tone la leo hurudishwa bila wewe kujua.

Damu ya mshipani ni nyingi kuliko tone, lakini kwa kawaida ni mililita chache tu. Katika utafiti, kanuni zinazotumiwa na taasisi nyingi haziruhusu kuzidi mililita 3 kwa kila kilo ya mtoto katika muda wa wiki nane. Kwa mtoto wetu wa kilo 10, hizo ni mililita 30, sawa na vijiko sita vya chai.

Je, kuna mtoto wa kuchungwa zaidi? Ndiyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana damu kidogo mno, na akilazwa na kupimwa kila siku anaweza kweli kupungukiwa. Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu pia anahitaji uangalifu. Kwa hao, daktari huchukua kiasi kidogo kabisa, na kwa kipimo kinachohitajika tu. Mtoto wa selimundu naye hupimwa mara nyingi, lakini kwake kipimo ni ulinzi.

Huenda utauliza mbona zamani watoto hawakudungwa hivi. Ni kweli. Kwa miaka mingi kila mtoto mwenye homa alihesabiwa kuwa na malaria na kupewa dawa. Mwenye nimonia alikunywa dawa ya malaria huku kifua kikimmaliza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na Kenya ikaingiza utaratibu huo katika mwongozo wake. Ndiyo maana kidole kinadungwa kila homa inapokuja: malaria ya mwezi jana haikuambii homa ya leo ni ya nini.

Hatari iliyopo haiko katika wingi wa vipimo. Iko katika sindano iliyotumika kwa mwingine. Kwa hiyo, mama, dai haki zako kwa upole lakini bila woga. Hakikisha kisindano kinafunguliwa mbele yako, kikiwa kipya, na baada ya kutumika kinatupwa katika sanduku la sindano. Hakikisha mhudumu amevaa glavu mpya na kidole kimesafishwa. Uliza: "Daktari, mnapima nini?" Kisha usiondoke kabla hujaambiwa majibu. Ikiwa ni utafiti, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, ya kukubali au kukataa, na mtoto wako asinyimwe matibabu kwa sababu umekataa.

Nyumbani, mlaze mtoto chini ya neti yenye dawa kila usiku. Utafiti uliofanywa Asembo na Gem kati ya mwaka 1996 na 1999 ulionyesha kwamba neti hizo hupunguza vifo vya watoto wadogo. Mpe mboga za majani, maharagwe, omena na mayai ili mwili upate cha kutengenezea damu. Na ukiona viganja vyake vimekuwa vyeupe, au anahema haraka, usingoje asubuhi.

Akina mama waliotutangulia waliogopa kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Wewe umeelezwa. Mwambie na jirani yako, na nyanya pia.