Jinsi samaki wa baharini wanavyoingiwa na miale ya nyuklia

MNAMO Februari 2013, karibu miaka miwili baada ya tsunami ya Machi 11, 2011 kuharibu mtambo wa nyuklia wa Fukushima nchini Japani, samaki mmoja alivuliwa katika bandari ya mtambo huo. Alipopimwa, alipatikana na bekereli 740,000 za siziamu kwa kila kilo. Bekereli ni kipimo cha miale, na kiwango kinachoruhusiwa nchini humo kwa samaki wa kuliwa ni 100 pekee.

Sumu hiyo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji. Samaki wa baharini hunywa maji ya chumvi daima, na siziamu iliyomo hufanana sana na potasiamu, madini yanayohitajiwa na misuli. Mwili hushindwa kuzitofautisha. Strontiamu nayo, kwa kuwa hufanana na kalsiamu, hukaa mifupani. Hata hivyo, samaki huyo huyo hutoa chumvi ya ziada kupitia matamvua, na siziamu hutoka nayo. Maji yakisafika, naye husafika polepole.

Njia ya pili, ambayo ni chakula, ndiyo yenye matata zaidi. Siziamu ikizama hushikamana na matope. Minyoo hula matope hayo, nao samaki wa sakafuni huwala minyoo. Ndiyo maana, katika bahari ya Fukushima, ngisi na pweza walisafika mapema ilhali samaki wakaao chini waliendelea kupatikana na sumu kwa muda mrefu.

Wengine waliibeba mbali. Jodari waliovuliwa karibu na San Diego, Marekani, Agosti 2011 walikuwa na siziamu-134. Kwa kuwa nusu ya siziamu hiyo hupotea kila baada ya miaka miwili hivi, haingeweza kuwa masalio ya majaribio ya mabomu ya karne iliyopita. Walikuwa wameivusha Pasifiki miilini mwao, ingawa kwa kiasi kidogo kisichoweza kumdhuru mlaji.

Bandarini kwenyewe, wasimamizi wa mtambo waliweka nyavu ili samaki wasitoke. Mei 2023, samaki wa miambani aliyenaswa humo alikuwa bado na bekereli 18,000 kwa kilo.